Choroko, tangawizi na pakiti za Kichina katika joto la kaskazi

Kaskazi ikishashika hapa Tanga, swali moja huja dirishani kwangu kila kukicha. Mimi ni mfamasia, duka langu la dawa liko Ngamiani, na kuanzia Desemba mpaka masika yaanze kunyesha watu huniuliza: "Dada, ile chai ya Kichina ya kutoa joto mwilini unayo?" Wapo wanaokuja na pakiti kabisa, maandishi ya Kichina mbele na nyuma, wameletewa na jirani aliyekwenda Guangzhou kufuata mzigo. Wapo waliosikia tu kwamba Wachina wana dawa za majira ya joto na wanataka kujua kama zinatufaa. Pale dirishani, foleni ikiwa nyuma yao, jibu langu huwa la haraka mno kwa jambo lenye uzito huu. Kwa hiyo nimekaa niliandike lote.

Msimamo wangu ni huu. Katika tiba ya Kichina ya majira ya joto, sehemu inayotufaa zaidi watu wa pwani ni ile ya jikoni, na karibu mahitaji yake yote utayapata sokoni Mgandini bila kuagiza chochote ng'ambo. Sehemu ya pakiti na chupa inataka mtu anayejua kilichomo ndani. Na hakuna hata kimoja, cha jikoni wala cha pakiti, kinachoweza kukaa mahali pa kipimo cha malaria mtu akiwa na homa.

Famasia niliisomea Nanjing, mkoa wa Jiangsu. Nilipokwenda kumuaga mama mdogo, anayeishi Mkoani kule Pemba, alifurahi kuliko wote katika ukoo, maana madaktari wa Kichina anawafahamu. Jiangsu ndio mkoa unaopeleka timu za madaktari Zanzibar tangu 1964, na Hospitali ya Abdalla Mzee, ambayo ndiyo hospitali ya hapo Mkoani, madaktari hao wamehudumu humo miaka nenda miaka rudi. "Basi unakwenda kwao kina daktari," akaniambia, "wasalimie sana, mwanangu." Nanjing yenyewe Wachina huihesabu kuwa moja ya matanuru yao matatu, pamoja na Wuhan na Chongqing, kwa joto la Julai na Agosti katika bonde la mto Yangtze. Si joto kavu la Dodoma. Ni fukuto kama letu: shati linaganda mgongoni, chumvi inalowana ndani ya kopo, kanga uliyoianika jana bado ina ubichi kwenye pindo. Mengi kule yalikuwa mageni kwangu, lakini si joto lile.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama mtu mzima ambaye wapangaji wote tulimwita Ayi. Hakuwa tabibu. Alikuwa na jiko, na rafu moja ya makopo ya kioo yenye maua makavu, mbegu, maganda ya machungwa na mizizi. Darasani nilifundishwa majina ya kemikali zilizomo. Kwake niliona nani anapewa nini, saa ngapi, na nani ananyimwa. Hilo la kunyimwa ndilo lililonivutia zaidi.

Wachina wana kalenda ya jua yenye vipindi 24. Majira ya joto huanza na Lixia, karibu tarehe 5 Mei. Xiazhi, siku ndefu kuliko zote, huangukia karibu tarehe 21 Juni, kisha huja Xiaoshu mwanzoni mwa Julai na Dashu karibu tarehe 23 Julai, ndipo joto kuu lenyewe. Humo ndani mna sanfu, siku za joto kali zaidi, 30 au 40 kutegemea mwaka. Wenye pumu hupanga foleni hospitalini siku hizo wabandikwe mgongoni dawa iliyosagwa kwa mbegu za haradali na mitishamba mingine, ikakandwa kwa maji ya tangawizi, kwa nia ya kupunguza pumu ya majira ya baridi yajayo. Utaratibu huo umo katika kitabu cha tiba cha mwaka 1695. Dawa yenyewe ni kali, huweza kutoa malengelenge, na mmoja wa mitishamba inayotiwa humo, xixin, ni wa ukoo wa mimea ambao nitaueleza mbele kwa nini nauogopa. Tafadhali usijaribu nyumbani.

Sasa, Julai hiyo hiyo Tanga kukoje? Kusi inavuma, asubuhi kuna kijiubaridi, wanaoteremka kutoka Lushoto wamevaa makoti. Mtu anayeona kwenye simu yake kwamba "leo ni Dashu, kunywa dawa za kupoza mwili" na akazinywa Raskazone mwezi wa saba, anaupoza mwili ambao haukupata joto. Majira yetu ya joto ni haya ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Wazee wa tiba ya Kichina wenyewe wangekubali, kwa sababu kitabu chao cha msingi, Huangdi Neijing, cha yapata miaka 2,000 iliyopita, kinamtaka mtu afuate majira ya mahali alipo. Kwa miezi mitatu ya joto kinashauri kulala kwa kuchelewa kidogo, kuamka mapema, kutolichukia jua, na kutoiweka hasira moyoni. Ukiwatazama wavuvi wanaoshusha samaki alfajiri kisha wakajilaza kivulini adhuhuri, utaona ushauri huo pwani unafuatwa zamani.

Kabla ya kufika kwenye sufuria, kuna jambo moja la nadharia ambalo bila hilo yote yanaharibika. Tiba ya Kichina haisemi tu "joto". Inatenganisha joto la jua, wanaloliita shu, na unyevu, wanaouita shi. Mwenye joto tupu ana kiu kali, uso mwekundu, mkojo kidogo wenye rangi nzito, ulimi mkavu. Mwenye unyevu ana mwili mzito, hana hamu ya kula, tumbo limejaa, choo laini, ulimi una utando mweupe mzito. Yule wa kwanza hupewa vitu vya kupoza. Wa pili akipewa hivyo hivyo, tumbo huzidi kulegea, kwa hiyo Ayi alikuwa akimnyima maua na kumpa tangawizi au ganda la chungwa. Mimi kama mfamasia silichukui hili kama kipimo cha maabara. Nalichukua kama njia ya kumtazama mtu kabla ya kumpa kitu, na kwa hilo naliheshimu sana. Hapa Tanga tuna vyote viwili, na mara nyingi katika nyumba moja: baba aliyeshinda juani bandarini ana lile la kwanza, mama aliyeshinda jikoni kwenye mvuke ana hili la pili. Pakiti moja ya "kutoa joto" haiwezi kuwafaa wote.

Haya, choroko. Ndiyo dawa ya kwanza ya majira ya joto kwa Wachina wa kawaida, kabla ya maua na kabla ya chupa. Wanaiita lüdou, na ni choroko hizi hizi tunazounga na nazi. Tofauti ni kwamba wao hunywa maji yake kwanza.

Chukua kikombe kimoja cha choroko zenye maganda yake. Chagua mawe, toa zilizotobolewa na wadudu, osha. Chemsha lita mbili za maji mpaka yatokote ndipo umwage choroko. Usianze nazo katika maji ya baridi. Kamulia ndimu kidogo, nusu kipande inatosha. Funika. Baada ya dakika kumi hivi utaona maganda yameanza kupasuka kwenye mshono, punje ndani bado ngumu. Hapo epua na uchuje. Maji utakayopata ni ya kijani hafifu, yana harufu ya majani mabichi. Ukisahau ndimu, au ukiacha sufuria wazi, yatageuka mekundu, kwa sababu vitu vya rangi vilivyomo kwenye ganda hushika oksijeni, na maji yenye magadi huharakisha jambo hilo. Asidi ya ndimu hulizuia. Wachina hushikilia kwamba nguvu ya kupoza imo kwenye ganda na katika yale maji ya kijani ya mchemsho mfupi, kwa hiyo choroko zilizokobolewa haziwafai kwa kazi hii. Punje usizitupe. Zirudishe motoni kwa maji mengine mpaka ziive, unga na nazi na kitunguu, jioni mnakula na chapati.

Ayi alitia sukari ya mawe. Mimi natia chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, na sukari kijiko kimoja kwa jagi zima, kwa sababu nawapa vijana wa bodaboda na wale wa baiskeli wanaopita hapa na mizigo. Jasho linatoa maji na chumvi, na choroko zina potasiamu. Hata ukiiweka kando nadharia ya joto na unyevu, kinywaji hiki kinamrudishia mtu baadhi ya alichopoteza. Kinywewe vuguvugu au kikiwa kimepoa chenyewe. Mwenye kuhara asitegemee choroko, achukue ORS na zinki.

Tikitimaji linafuata. Matabibu wa Kichina wamelipa jina la Baihu Tang ya asili. Baihu Tang ni dawa ya kuchemsha iliyoandikwa na Zhang Zhongjing mwishoni mwa utawala wa Han, karibu mwaka 200, kwa ajili ya homa kali yenye kiu na jasho jingi: jasi, mzizi wa zhimu, mzizi mtamu wa gancao na mchele. Kulipa tunda jina la dawa nzito namna ile ni heshima kubwa. Wao hawatupi ganda. Sehemu ya kijani ya juu humenywa nyembamba, ikakaushwa kuwa dawa, na ile nyeupe hukatwa vipande na kukaangwa kidogo kwa chumvi na kitunguu saumu. Hapa kwetu maganda yote ni ya mbuzi. Jaribu ile nyeupe siku moja, inashika chumvi vizuri kama tango.

Kuna kinywaji chao cha suanmeitang, cheusi, kichachu, chenye harufu ya moshi kwa sababu matunda yake ya wumei, aina ya plamu, hukaushwa kwa moshi. Hutiwa pia shanzha, tunda jekundu chachu, gancao na sukari. Wanaouliza wapi watakipata Tanga nawaambia wakanunue ukwaju. Kazi ni ile ile: uchachu unaleta mate, unakata kiu, unafungua hamu ya kula kwa mtu aliyechoshwa na joto. Juisi yetu ya ukwaju haipungukiwi na chochote isipokuwa busara ya sukari. Tunatia nyingi mno, mpaka kinywaji cha kukata kiu kinaleta kiu.

Maua ya juhua, yaani krisanthemamu makavu, ndiyo yamejaa kwenye pakiti nyingi zinazoletwa. Ni mazuri. Matano au sita katika glasi ya maji moto, yakae mpaka yafunguke, harufu yake ni tulivu na macho yaliyochoka kwa jua yanapata nafuu, ndivyo wanavyosema wao, nami nayapenda jioni. Anayedhurika na maua ya jamii ya alizeti na deizi ajiepushe. Jinyinhua nayo ni ua dogo linalochanua jeupe kisha likawa la njano, wao hulitumia kwa koo linalowasha na kwa harara ya watoto. Hapa nasema jambo kwa akina mama wa pwani hasa. Hong Kong, wazazi wenye mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huambiwa wasimpe jinyinhua wala mzizi mchungu wa huanglian. Upungufu huo hurithiwa, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu mtoto akipata kitu kisichomfaa, na upo zaidi katika maeneo ya malaria kama yetu, ambako watoto wengi hawajawahi kupimwa. Kwa harara ya mtoto mchanga, maji safi ya kuogea mara mbili tatu kwa siku, nguo nyepesi ya pamba na feni vinatosha. Chai usimpe.

Tangawizi inawashangaza watu. Mbona ni ya moto, nayo inatajwa katika dawa za majira ya joto? Wachina wana usemi wa zamani kwamba figili ni ya majira ya baridi na tangawizi ni ya majira ya joto. Maelezo yao ni kwamba wakati wa jua kali nguvu ya mwili hutoka nje kwenye ngozi, tumbo linabaki baridi, na mtu analimwagia vya friji juu yake. Sasa nenda kwenye baraza yoyote Ngamiani saa kumi alasiri, kaskazi ikiwa imekaza. Wazee wanakunywa nini? Kahawa chungu ya moto yenye tangawizi, katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Hakuna aliyewafundisha Neijing. Babu yangu alikuwa akisema kahawa ile inatoa jasho na jasho linapoza, na hapo fiziolojia inamuunga mkono, mradi pawe na upepo wa kulikausha jasho hilo.

Kuhusu barafu nina mahali pa kutofautiana na Ayi. Yeye hakutaka kabisa kuiona, hata kwa mgonjwa. Kwa mtu mwenye tumbo dhaifu anayekunywa maji ya friji siku nzima, namuunga mkono, apunguze. Lakini mtu aliyezidiwa na jua mpaka amechanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka au ameanguka, mwili unawaka, ngozi wakati mwingine kavu kabisa, huyo ni dharura. Mwondoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji ya baridi, weka vitambaa vyenye barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, mpepee, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 ubongo na figo vinaumia kwa dakika, na hakuna chai ya kusubiriwa ichemke.

Chupa moja inayoulizwa sana ni huoxiang zhengqi. Asili yake ni kitabu cha dawa cha serikali ya enzi ya Song, na ni dawa ya ule unyevu niliousema: kichefuchefu, tumbo kujaa, kuhara kidogo, kichwa kizito baada ya jua na vyakula baridi. Wachina wengi huiweka kabatini majira ya joto. Lakini ile ya majimaji iitwayo shui ina pombe, tena si kidogo, asilimia 40 hadi 50. Mzee mmoja, imamu, alinijia na chupa hiyo, ameletewa zawadi na kijana wake. Nilipomsomea kilichoandikwa ubavuni akaniambia, "Ahsante mwanangu, ningekwenda nayo msikitini tumboni." Zipo aina za vidonge na ya majimaji ya kunywa isiyo na pombe. Na hata asiyejali pombe ajue hili: ukiwa kwenye dozi ya metronidazo, zile flajili tunazopewa kwa tumbo, ukinywa dawa yenye pombe unaweza kupata moyo kwenda mbio, uso kuwaka na kutapika. Watu wengi hunywa vyote viwili kwa tumbo lile lile, siku ile ile. Naomba msifanye hivyo.

Sasa homa, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kaskazi hii aliletwa dirishani mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, amelala begani kwa bibi yake. Bibi alitaka chai nyingine ya kupoza, ile ya kwanza imekwisha. Tangu lini anachemka? Siku kadhaa. Amepimwa? Hajapimwa, "ni joto hili la mwaka huu, mwanangu." Nilifunga dirisha nikawasindikiza mwenyewe mpaka kituo cha afya. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika kama ishirini. Alikuwa na malaria. Amepona, namshukuru Mungu, na bibi yake hupita kunisalimu. Lakini nilivyomshika mkono mtoto yule ulivyokuwa unawaka, sitaki mzazi yeyote wa Tanga achelewe kwa sababu ya neno "joto".

Na dawa aliyopewa ilitoka wapi? Ilitoka katika mtishamba wa Kichina wa majira ya joto. Qinghao, kwa jina la kisayansi Artemisia annua, katika vitabu vyao ni mmea wa kuondoa joto la jua na wa kukata homa za vipindi. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika: chukua konzi moja ya qinghao, iloweke katika sheng mbili (kipimo chao cha zamani) za maji, kamua, kunywa maji yote. Mei 1967 China ilianza mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, unaojulikana kwa namba 523. Mtafiti wa dawa Tu Youyou, aliyeingizwa humo mwaka 1969, aliusoma mstari ule wa Ge Hong akatambua kwamba hautaji kuchemsha. Akaacha kuuchemsha mmea, akautoa kiini chake kwa etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote katika panya. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sisi wa mkoa huu tumo katika habari hiyo. Juu ya milima yetu, Amani, Wajerumani walipanda mikwinini mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya homa hizi hizi. Chini kidogo, Muheza, utafiti kwa watoto uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha dawa kadhaa za malaria wakati SP, dawa ya malaria iliyotumika kabla yake, ilikuwa imekwisha nguvu, na ALu, dawa mseto yenye artemetha inayotokana na qinghao, ndiyo iliyoshindwa mara chache zaidi. Mwishoni mwa 2006 Tanzania ikaifanya ALu kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Kwa hiyo anayenidharau kwa kuwapa watu vidonge "vya kizungu" badala ya mitishamba, vidonge vile ni mtishamba uliosomwa vizuri, ukapimwa, ukajulikana kipimo chake. Chai ya majani ya artemisia haina kipimo hicho. Kiini chake hakiyeyuki vizuri katika maji na moto hukiharibu, kinachobaki kinaweza kuwa kidogo cha kuwafundisha vimelea ustahimilivu bila kuwaua. Shirika la Afya Duniani haliikubali chai hiyo kwa malaria, nami siiuzi.

Pakiti, basi. Ukiniletea nitakusomea, hilo si usumbufu hata kidogo, ndiyo kazi niliyosomea. Ninachotafuta kwanza ni mimea ya jamii ya Aristolochia, ukoo ule wa xixin niliosema nauogopa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo baada ya kutumia dawa ya kupunguza unene ambamo mzizi wa hanfangji ulikuwa umebadilishwa na guangfangji. Majina yanakaribiana, mimea ni tofauti, na huo wa pili una asidi ya aristoloki, inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Cha pili ninachotafuta ni gancao nyingi. Ni mzizi mtamu, upo karibu katika kila mchanganyiko, kwa kiasi kidogo hauna neno, lakini ukinywewa kila siku kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha anayekunywa vidonge vya kukojoza na chai ya gancao msimu mzima yuko hatarini bila kujua. Wajawazito siwapi mchanganyiko wowote usiojulikana. Na tabibu yeyote wa mitishamba, awe wa Handeni au wa Jiangsu, sheria namba 23 ya mwaka 2002 inamtaka asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kumuuliza mtu cheti chake si utovu wa adabu.

Nimalizie na Ramadhani, kwa kuwa miaka hii imeangukia ndani ya kaskazi na wengi mmeniuliza. Kwenye futari anza na tende na maji ya kawaida au yale ya choroko vuguvugu, kidogo kidogo, halafu uji wenye tangawizi. Barafu iache mpaka baada ya tarawehe. Kati ya futari na daku gawanya maji yako, glasi kila unapokumbuka, badala ya kuyamimina yote saa kumi usiku. Daku isiwe na chumvi nyingi wala chai kali ya rangi, kwa kuwa vyote vinakuongezea kiu mchana. Choroko zilizoiva, ndizi na tikitimaji vinakaa vizuri. Anayetaka juhua anywe baada ya futari, si kwenye daku. Wenye kisukari, wenye presha na wanaotumia dawa za figo, njooni kabla mwezi haujaandama, mje na dawa zenu zote ndani ya mfuko, za hospitali na za mitishamba, tupange saa za kuzinywa na tumuulize daktari wenu kama mnaweza kufunga. Jioni kuanzia saa kumi na moja hakuna foleni.